Zizi la Maji

Samaki wa kwanza aliyepinda nilimwona mimi, asubuhi, nikiwa nimechuchumaa kando ya bwawa na sahani ya makombo ya ugali. Vifaranga walipanda juu kula kama kawaida yao, kila mmoja na urefu wa njiti ya kiberiti. Mmoja alikuwa anazunguka. Kila alipotaka kwenda mbele kwenye chakula, mwili ulimrudisha alikotoka. Nilimchota kwa kiganja. Mgongo wake ulikuwa na kona, kama msumari uliogongwa vibaya.

Nilimrudisha majini upesi, halafu nikageuka kuona kama Baba ameniona.

Hakuwa ameniona. Alikuwa upande wa pili, akipanga miiba ya boma dogo alilokuwa anajenga, boma la ng'ombe mmoja ambaye alikuwa bado hajafika. Ng'ombe huyo ndiye aliyenifanya ninyamaze.

Baba alizaliwa katikati ya ng'ombe. Ng'ombe wake waliibwa wakati wa fujo za miaka ya sitini, mimi sijazaliwa. Baada ya hapo alikwenda kaskazini, ziwani kwa Waturkana wenzake, akajifunza kuvua. Aliporudi Isiolo alipata kazi ya kulinda stoo mjini, tukakaa mtaa wa Kiwanjani. Lakini alikuwa amezoea kutoka asubuhi na kutazama mifugo yake, na mazoea hayo hayakuibwa. Kando ya mto, chini kidogo ya mahali malori yalipooshwa, alichimba bwawa, akalivutia maji kwa mfereji mfupi. Afisa wa samaki, ambaye sote tulimwita bwana samaki, alimletea samaki aina ya ngege wa kuanzia. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa shule ya msingi.

Kwa Baba hawakuwa samaki. Dume aliliita fahali, vifaranga aliwaita ndama, na bwawa lilikuwa zizi. Aliligawa kwa uzio wa vijiti vilivyosukwa, kila fahali na majike wake, ili damu zisichanganyike. Kila fahali alimkata alama kwenye pezi la mkia, mkato ule ule wa mshazari ambao babu yake alikata kwenye masikio ya ng'ombe. Pezi lilipoota tena, alikata tena. Vijiti vya uzio alivipaka oili chafu ya lori visioze, kama kila mtu mjini alivyopaka miti ya nyumba kuzuia mchwa.

Watoto wa jirani, ambao kwao samaki haliwi, walinipigia kelele njiani. "Hawa wanakula nyoka ya maji!" Mimi sikuwa na mdomo wa kuwajibu. Mama alikuwa nao. Alikuwa akiuza maziwa sokoni, na akirudi jioni na mitungi mitupu alisema, "Mimi nauza maziwa ya ng'ombe za watu. Za bwana yangu hazina chuchu."

Baba alicheka, lakini siku hizo alikuwa na jibu. "Subiri," alimwambia. "Moja inakuja yenye nne."

Ilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka wa unga wa njano wa msaada, ule ukame ambao watu wote wa kwetu wanaukumbuka. Ng'ombe wengi walikufa, na aliyebaki na mtamba, jike ambaye bado hajazaa, alimtazama kama anavyotazama mtoto. Mzee mmoja wa Kinna, Mborana mwenye shamba la mahindi kwenye mfereji, alikuwa amesikia habari za bwawa letu kutoka kwa bwana samaki. Alikuja akatazama. Alitaka samaki wa kuanzia zizi lake, mafahali na majike, mbegu safi. Kwa hao angetoa mtamba mmoja mwenye mimba.

"Lakini wewe huli samaki, mzee," Baba alimwuliza.

"Sili kabisa. Hata harufu yake sipendi. Lakini walimu wanakula, polisi wanakula, na watu wa Meru wakipita na gari wananunua. Na kitu ambayo sili, hakuna siku nitaiba kwa sufuria yangu mwenyewe."

Walikubaliana kwamba mvua za vuli zikiisha atakuja. Ndiyo sababu ya boma la miiba. Ndiyo sababu pia nilimrudisha upesi yule kifaranga aliyezunguka.

*

Sikuweza kuficha muda mrefu, kwa sababu wengine walitokea. Mmoja hakuwa na kifuniko cha shavu upande mmoja, matamvua yake mekundu yalionekana wazi. Mwingine alikuwa na taya fupi kama la mzee asiye na meno. Baba aliwaona mwenyewe. Aliinama akawatazama, halafu akauliza, "Hawa ni ndama wa fahali gani?"

Nilimwonyesha sehemu ya uzio.

Kwa mfugaji swali hilo ndilo la kwanza. Ndama akizaliwa kilema, unamtafuta baba yake. Damu mbaya inakatwa mapema, kabla haijaingia kwenye zizi lote. Fahali wa ng'ombe unaweza kumhasi, lakini samaki hahasiwi, kwa hiyo siku hiyo tulimla yule fahali, pamoja na ndugu zake wawili. Mama alikaanga vizuri. Baba alikula akitazama ukuta.

Majuma machache baadaye, sehemu ya pili ya uzio ikatoa waliopinda. Tukala fahali wa pili.

Halafu sehemu ya tatu.

Mama aliacha mizaha yake ya chuchu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mtu wa Kinna alikuwa anakaribia, na kila fahali aliyekatwa alikuwa hatua moja kuelekea boma tupu. Mimi niliendelea kuchukua makombo asubuhi, na nilianza kuogopa kutazama maji. Nilikuwa natupa chakula nikiwa nimegeuza uso.

Lakini pua haigeuzwi. Malori yalikuja kuoshwa kila siku juu yetu. Tanboi, wasaidizi wa madereva, walifungua nati chini ya injini, oili ikamwagika kwenye mchanga, na mvua ikaileta. Juu ya bwawa kulikuwa na ngozi nyembamba yenye rangi nyingi, nzuri kutazama. Na kila walipobadilisha dawa kwenye josho la ng'ombe, ile ya zamani ilifunguliwa ikafuata korongo hadi mtoni. Siku hizo maji yalinuka dawa ya kupe mpaka macho yanawasha. Kaa wadogo wa mtoni walikuwa wamekwisha. Vyura nilikuwa nimesahau sauti yao.

Haya yote Baba aliyaona pia, kila siku. Hakuyafikiria kwa sababu Isiolo oili ilikuwa dawa. Ngamia akitoka upele alipakwa oili. Mbuzi alipakwa oili. Mlango ulipakwa oili. Na dawa ya josho ilikuwa dawa, jina lake lenyewe lilisema hivyo. Nani angewaza kwamba dawa inavunja migongo?

Alibaki fahali mmoja, mkubwa kuliko wote, mweusi mgongoni, na ukingo mwekundu kwenye pezi la mkia. Baba alimpenda. Alikuwa akimwimbia, sisemi uongo, jinsi vijana wa kwao wanavyomwimbia ng'ombe wao wa pembe. Asubuhi moja kifaranga aliyepinda alitokea katika sehemu yake. Baba alimvua yule fahali kwa wavu, akamlaza kwenye jiwe, akashika kisu.

Samaki alipiga mkia kwenye jiwe. Baba hakukata. Alisubiri, sijui alisubiri nini.

Mimi ni mtu wa maneno machache. Shuleni mwalimu akiuliza swali nilijua jibu na nilitazama dawati. Lakini yule samaki alikuwa anafungua mdomo na kufunga, nami nikasikia sauti yangu.

"Baba, nyasi ikiwa mbaya, huwa mnachinja fahali?"

Aliinua kichwa. "Unasema nini?"

"Wote wanazaa vilema. Huyu, na yule, na yule. Hawana baba mmoja. Lakini wanakunywa pamoja."

Alinitazama kana kwamba aliyesema ni yule samaki. Halafu akatazama maji, ngozi ile ya rangi nyingi, na vijiti vyake vyeusi alivyovipaka kwa mkono wake. Akamrudisha fahali majini. Kisu alikifuta kwenye suruali ingawa hakikuwa na damu.

*

Mwenye malori alikuwa Haji, mzee wa Kisomali ambaye baba yake alikuja Isiolo na jeshi la Mwingereza. Alikuwa jirani mwema. Tulimkuta uani kwake, amekaa kwenye kreti ya soda, anakunywa chai ya maziwa.

"Salaam aleikum, mzee wa samaki!"

"Aleikum salaam, Haji."

"Na huyu binti yako asiyeongea, hajambo? Keti, mama, keti. Leteni chai!"

Baba hakuketi. Alieleza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akieleza jambo kirefu hivyo kwa mtu mwenye mali. Haji alisikiliza, akaweka kikombe chini.

"Oili yangu?" alisema. "Mzee, hiyo oili si wewe ulikuja hapa na debe, ukaniomba ya kupaka miti ya bwawa?"

"Niliomba."

"Ukapaka?"

"Nikapaka."

"Basi kama ni sumu, tumeipika mimi na wewe, sufuria moja." Hakusema kwa hasira. Alikuna ndevu zake zilizopakwa hina. "Mimi ngamia wangu napaka miaka yote. Sijaona ngamia ameota nundu ya pili."

"Ngamia inapakwa nje," Baba alisema. "Samaki anaivuta ndani. Anaipumua."

Haji aliinua kikombe, akamaliza chai. Halafu akamgeukia kijana aliyekuwa chini ya lori. "Warya, we kijana! Toka huko. Kuanzia kesho hakuna kumwaga oili mtoni. Mtamwaga kwenye pipa, mnasikia?" Kijana alisema amesikia, kwa sauti ya mtu ambaye atasahau Jumatatu. "Na josho," Haji akaendelea, "josho si yangu. Hiyo uende kwa serikali na Mungu akusaidie."

Baba aliomba kitu kimoja zaidi. Uani kwa Haji kulikuwa na birika la saruji la kunyweshea ngamia, kubwa, ambalo halikutumika tangu ngamia wapelekwe malishoni mbali. Alitaka kuliazima.

"La nini?"

"Nahama," Baba alisema.

Haji alicheka mpaka akakohoa. "Nimeona watu wanahama na punda, nimeona wanahama na ngamia. Na ndoo, bado. Chukua, mzee. Lakini wakinuka, ni mimi nitawahamisha tena."

Tulilisugua lile birika kwa mchanga na majivu. Maji tulibeba kutoka bombani, mimi na Mama, kwa madebe, mpaka shingo zikauma. Baba alimleta fahali mweusi na majike waliobaki wanyoofu, na hakuna kijiti chochote kilichopakwa oili kilichoingia humo. Nilidhani shida imekwisha. Yeye pia alidhani hivyo, kwa sababu usemi wake ulirudi, na alipanga miiba mingine kwenye boma.

Kisha bwana samaki akapita na pikipiki yake. Alikuwa mtu mpole, mchovu kila wakati, mwenye eneo kubwa kuliko petroli aliyopewa. Baba alimwonyesha vilema aliowahifadhi kwenye chupa ya chumvi, akamwonyesha birika.

"Umefanya vizuri," alisema. Halafu aliitazama chupa tena na nikaona hakumaliza. "Mzee, ngoja nikuambie ukweli, na ukweli wenyewe siujui wote. Kuna vitu vikiingia kwa maji vinaharibu samaki. Unamtoa, mtoto wake anakuwa mzima. Lakini mafuta na dawa kama hizi, wanasema vinaweza kugusa mbegu yenyewe, ile iko ndani ya baba na mama. Hapo hata ukiwapeleka kwa maji ya mbinguni, kilema kinaweza kutoka. Si kwa wote. Kwa wengine."

"Nitajuaje ni ipi?"

"Kwa kuwaangalia tu hutajua. Hao walizaliwa kwa maji machafu. Watoto wao wakizaliwa hapa, utaona kidogo. Watoto wa watoto, ndipo utaona."

Baba alisimama kando ya birika. Kwa majuma alikuwa ametafuta ubaya kwenye damu, na ulikuwa kwenye maji. Sasa alikuwa ametoka kwenye maji, na mtu anamwambia huenda maji yameingia kwenye damu.

"Na mtu wa Kinna?" Mama aliuliza baada ya bwana samaki kuondoka. "Atasubiri wajukuu?"

*

Jike la ngege hubeba mayai mdomoni, na vifaranga wakianguliwa hurudi humo wakiogopa. Nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa birika nikingojea jike afungue mdomo. Alikuwa hali chochote. Mashavu yake yalijaa, nami nilikuwa nasoma yale mashavu kama mtu anayesoma bahasha iliyofungwa.

Alipowatema, walitoka kama moshi. Tuliwatazama mimi na Baba, vichwa karibu kugusana. Walikwenda mbele. Walikwenda mbele, na wengine walikwenda mbele. Halafu mmoja akazunguka.

Baba alimchota, akamweka kando. Siku zilizofuata tulipata wengine wachache, si wengi kama wa bwawani, na jike la pili lilitoa wanyoofu watupu. Wanyoofu wakakua. Wakawa kama kidole, kisha kama kiganja. Walikuwa wazuri mno, na ukiwatazama hungejua kitu.

Hapo ndipo mtu wa Kinna alipofika. Tulikuwa uani kwa Haji tulipomwona akija kwa miguu na kijana wake, na mbele yao mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kifuani, tumbo limeanza kuonekana. Baba alikuwa ameshika kamba mpya aliyoisuka mwenyewe. Niliona mkono wake unaifungua na kuifunga.

Mgeni alitazama ndani ya birika, akafurahi. "Hizi ni safi, mzee! Kama zimenyooshwa kwa pasi."

Mama alipita karibu na Baba na kikombe cha maji ya mgeni. Nilimsikia akinong'ona. "Hao ni wazima. Mpe wazima. Kuna uongo gani hapo?"

Na kweli, hapakuwa na uongo hata mmoja. Wale vilema walikuwa kwenye chupa, chupa ilikuwa nyumbani chini ya kitanda, na mtamba alikuwa mlangoni kwa Haji akipunga mkia. Baba angenyoosha tu mkono.

Lakini kwa wafugaji mnyama hakabidhiwi kimya. Kabla kamba haijabadilisha mkono, mwenye kutoa hutaja ukoo wa mnyama kwa sauti: mama yake, bibi yake, waliokuwa na maziwa na waliokuwa na ubaya. Mtu wa Kinna alianza. Alimtaja mama wa mtamba, aliyeokoka ukame kwa majani ya mgunga. Alimtaja bibi yake, aliyekuwa mkali wa kupiga teke, "na huyu pia anaweza kupiga, usiseme sikukuambia." Ilikuwa zamu ya Baba.

Baba alitazama birika.

"Baba yao ni huyu mweusi," alisema. "Nguvu anayo. Bibi zao walitoka kwa bwana samaki, wanyoofu wote. Halafu walikunywa oili. Oili ya malori, na ingine nilipaka mimi kwa mkono yangu. Walikunywa dawa ya josho. Wakazaa waliopinda." Mama alifunika mdomo. "Hawa wamezaliwa kwa maji safi. Wao ni wazima, unaona. Lakini ndugu zao wengine walipinda, hapa hapa, kwa maji safi. Watoto wao sijui. Hakuna mtu anajua."

Aliniambia nilete chupa. Nilikimbia nyumbani nikaileta, na mgeni akaigeuza mwangani, vilema wakaelea juu na chini.

Kijana wake alichoka kusimama, akachuchumaa. Mtamba alianza kula uzio wa Haji.

"Ungeninyamazia," mgeni alisema mwishoni, "ningejaza bwawa yangu, na ndugu yangu angechukua kwangu, na mtu wa chini angechukua kwake. Mfereji yote ya Kinna." Alirudisha chupa. "Lakini sasa umeniambia, sitaki kurudi mikono mitupu. Na ng'ombe imetembea njia yote hii, imechoka. Tufanye kama tunafanya kwetu. Sikupi. Nakuazima. Kaa nayo, kamua ikizaa. Mimi naenda na samaki, nawaweka peke yao mahali wenzao hawafiki. Watoto wa hawa wakinyooka wote, ng'ombe ni yako. Wakipinda, inarudi nyumbani."

Baba aliipokea kamba. Nilimjua vizuri, na uso wake haukuwa na furaha wala huzuni. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri.

*

Nilidhani nitapumzika, kumbe sasa nilikuwa na woga wa pili. Mtamba alikuwa na mimba na alitaka maji, na maji ya karibu yalikuwa mtoni. Pipa la Haji lilikuwa limejaa zamani na tanboi walikuwa wamerudia mchanga, kama nilivyojua. Josho liliendelea kufunguliwa.

"Hanywi huko," Baba alisema.

Kwa hiyo alikunywa kutoka kwenye madebe yangu. Mtamba mwenye mimba anakunywa kama ardhi. Asubuhi nilikwenda bombani, mchana nikaenda, jioni nikaenda. Wanawake wa foleni waliniuliza kama ng'ombe wetu ni mgonjwa au ni waziri. Nilitazama chini na kusukuma debe mbele. Mara moja alikata kamba, tukamkuta mtoni chini ya malori, maji yamefika magotini na mdomo wake umelowa. Baba alimrudisha bila kumpiga. Hakuna aliyejua alikunywa kiasi gani. Kuanzia siku hiyo kila mmoja wetu alimtazama tumbo.

Alizaa alfajiri moja ya kiangazi. Nilifika Baba akiwa amepiga magoti kwenye mbolea, ndama yuko mbele yake, bado amelowa. Hakumsaidia kusimama. Alipitisha mkono kwanza, polepole, kutoka shingoni hadi mkiani, mfupa kwa mfupa. Halafu miguu. Halafu taya, alimfungua mdomo akaingiza kidole. Halafu akaanza tena kutoka shingoni.

"Baba?" nilisema.

"Jike," alisema. "Amenyooka."

Mama alikamua maziwa ya kwanza akasema, "Haya. Nne. Nimehesabu."

Habari ya Kinna ilikuja baadaye, kwa dereva wa lori: mje muone. Tulikwenda, Baba na mimi. Bwawa la mzee yule lilikuwa dogo, mwishoni mwa mfereji, limezungushiwa ukuta wa udongo ili lisiguse maji ya wenzake. Alipitisha wavu mbele yetu, akaumwaga kwenye karai.

Walikuwa wajukuu wa fahali mweusi. Walienda mbele, wakagonga ukingo, wakageuka vizuri, wakaenda mbele. Mzee alianza kutabasamu. Mimi sikutabasamu. Kwenye kivuli cha karai nilikuwa nimemwona mmoja asiye na kifuniko cha shavu, na Baba, nilipomtazama, alikuwa amekwisha kumwona. Tulisubiri wavu wa pili. Humo mlikuwa na mmoja anayezunguka.

"Ah, ni kidogo," mzee alisema. "Hata ng'ombe, mara moja moja inazaa vibaya. Chukua ng'ombe yako, mzee. Mimi sina neno."

"Tulisema wote," Baba alijibu. "Hawa si wote."

"Nimesema sina neno!"

"Mimi ninalo."

Walibishana mpaka chai ikapoa, mmoja akikataa kumchukua ng'ombe na mwingine akikataa kubaki naye, kwa heshima na kwa sauti ya juu. Mwisho mzee alipiga paja lake. Ng'ombe atarudi, alisema, ndama akishaachishwa maziwa. Lakini ndama asimfuate. "Huyo si wangu. Amekua tumboni kwa maji ya huyu binti. Nikimchukua nitawaambia nini watu?" Wale samaki aliwatoa wote, akawauzia walimu, na bwana samaki akamletea wengine kutoka mbali. Fahali mweusi alikufa kwenye birika la Haji, akiwa mzee, bila kuongezewa jike.

Mama wa ndama aliondoka na kamba aliyoisuka Baba. Boma la miiba likabaki na ndama mmoja, wa Baba mwenyewe, wa kwanza tangu walipoibwa wale wengine. Bwawa aliliacha likauke. Vijiti vyeusi bado vimesimama pale, havijaoza.

Ndama sasa ni mtamba, na mimi bado nabeba madebe. Kila asubuhi Baba anampitishia mkono mgongoni, na najua hatafuti kilema kwake tu, hata kwa ndama atakaowazaa. Mwezi uliopita alitafuta fahali wa kumpandisha. Mfugaji mmoja alileta wa kwake, mnyama mkubwa, akaanza kumtaja kama inavyotakiwa, baba yake, mama yake, bibi yake mwenye maziwa mengi. Baba alimwacha amalize.

"Anakunywa wapi?" akamwuliza.

Yule mtu alicheka. "Mzee, unataka fahali au unataka kisima?"

Baba hakucheka. Alikuwa ameshika mtamba wake kwa kamba, karibu na shingo, na alikuwa anangoja ajibiwe.